Chaja ya Kiti cha Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo na chaja ya kiti cha mke wangu imekufa leo. Saa nne asubuhi ilipiga radi, umeme ukakatika, ukarudi kwa hasira, taa ya sebuleni ikawaka nyeupe mno kisha ikatulia. Chaja iliyokuwa ukutani ikatoa mlio mdogo na kijitaa chake kikazimika. Nikainusa. Harufu ile naijua tangu ujana. Kuna kitu kimeungua ndani.

Daftari hili alinipa binti yetu nilipofunga kibanda changu cha kutengeneza redio, miaka mitatu iliyopita. "Andika hata mawili matatu, baba, usije ukaanza kuongea na kuta." Sikuandika kitu. Leo nimelifungua nikitafuta karatasi ya kuandikia vipimo, nikaona niendelee.

Miguu ya mke wangu iliishiwa nguvu miaka minne iliyopita, baada ya ugonjwa wa uti wa mgongo. Mikono ni mizima, na ulimi ndio mzima zaidi. Kiti chake kina mota na betri mbili chini yake. Binti ndiye aliyekinunua. Kila asubuhi hukipanda akaenda kwa Pacha, wakakaa barazani wakishona mpaka jioni. Si pacha wake wa kuzaliwa. Walishona kwenye meza moja miaka ishirini na sita, wakaanza kuitana hivyo, na mtaa mzima ukafuata. Kwa Pacha hupafiki kwa gari. Unapita uchochoro wa saruji, kiti kinabaki na upana wa kiganja kila upande, na mke wangu hupita humo bila hata kupunguza mwendo.

"Chaja imekata roho," nikamwambia.

"Si kuna fundi humu ndani?" akasema. "Mpe kazi, amekaa bure."

Jumanne, 4 Machi

Kabla ya kuifungua nimeifungia kikaratasi kwa uzi, kama alivyonifundisha mzee aliyenipa kazi hii. Unaandika ni kitu gani, kina kasoro gani, kimeingia lini. Siku ya kutoka unaiacha wazi. Mzee yule alikuwa akisema fundi anaweza kumzungusha mteja, lakini asiizungushe karatasi yake, maana kitu kikirudi ndiyo itakayomkumbusha alifanya nini.

Mke wangu alikuwa ananitazama. "Na mteja utamwandika nani?"

"Wewe."

"Andika mteja ni mkali."

Nimeandika.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua kutwa. Fyuzi imeungua. Kubadilisha fyuzi anaweza hata muuza mchicha. Kazi ni kujua kwa nini imeungua. Nimeunganisha balbu kwenye waya wa kuingiza umeme, ujanja wa zamani: balbu ikiwaka sana, ujue ndani umeme unapita pasipostahili. Imewaka kama taa ya harusini.

Jumapili, 9 Machi

Nimepigwa shoti. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza: nimeichomoa chaja ukutani nikasahau kwamba kapasita kubwa la ndani hubaki limeshiba umeme. Nimerushwa nikaangusha stuli. Mke wangu alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akafuta macho.

"Ungekufa, mimi ningetoka humu ndani kwa kipi?"

Nikasema angetoka na waombolezaji wangu, wangembeba. Hakucheka tena.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Macho hayaoni vizuri bila jua. Sijafanya kitu.

Ijumaa, 14 Machi

Binti amepiga simu. Anataka kutuma chaja mpya. Nilikuwa jikoni, mke wangu akadhani simsikii.

"Mwache baba yako," alimwambia. "Ameshaifungua, vipande vyote viko mezani. Ukimletea mpya sasa, utakuwa umemwambia amezeeka. Mimi nitavumilia. Wiki moja, mbili, itakuwa tayari."

Nilisimama na sufuria mkononi. Sijui kama niliona aibu au fahari. Nadhani ilikuwa fahari.

Jumatatu, 17 Machi

Nimewapata wawili waliokufa: dayodi mbili kati ya nne, vile vijipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Nimetoa nyingine kwenye redio ya marehemu baba yangu, ambayo haikuwa inaimba tena. Mikono inatetemeka. Zamani nililehemu kitu kama hiki nikiwa naongea na wateja watatu. Leo nimetumia asubuhi nzima, na mke wangu ndiye aliyenishikia taa. Alikuwa amekaa karibu sana, anapumua polepole ili asinitikise.

Baada ya hapo tulicheza karata. Amenifunga mara tano.

"Wewe unacheza kama umelipwa ushindwe," alisema.

Jumatano, 19 Machi

Balbu bado inawaka. Kapasita lile lile lililonipiga limevimba kichwani, nalo limekwisha. Sina la aina hiyo kwenye makopo yangu. Muuza spea wa mjini anasema nirudi wiki ijayo.

Mke wangu huongea na Pacha kwa simu kila siku baada ya chakula cha mchana. Anafungua spika ili aendelee kukunja nguo, kwa hiyo nasikia yote. Pacha ana kikohozi.

"Sauti yako imekuwa ndogo," mke wangu alimwambia.

"Ni mtandao huo," Pacha akajibu. "Mvua imeulowesha."

Wakacheka wote wawili. Halafu Pacha akauliza, "Shemeji amefikia wapi na chaja?"

Jumamosi, 22 Machi

Leo mke wangu amenisimulia kwamba kabla hatujaoana alitoroka kwao siku mbili ili asiolewe na mimi, kisha akarudi kwa sababu alisahau mkasi wake. Miaka arobaini na moja ya ndoa na sikuwahi kusikia. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Lini?" alisema. "Wewe ulikuwa kibandani, mimi mezani kwangu. Jioni tulikuwa tunalala tu."

Ni kweli. Nilidhani nikistaafu tutakaa pamoja. Nilistaafu, naye akaendelea kwenda kwa Pacha. Miaka mitatu nimekula chakula cha mchana peke yangu na redio. Sijawahi kumwambia mtu, lakini Pacha nimekuwa nikimwonea wivu, mtu mzima na mvi zangu.

Jumanne, 25 Machi

Imepona.

Muuza spea alinipatia kapasita jana. Leo saa nane na nusu mchana nimeichomeka kupitia balbu. Balbu ikamulika mara moja, ikafifia, kama inavyotakiwa. Nikaitoa balbu, nikachomeka moja kwa moja. Kijitaa kikawaka chekundu. Nikapima: volti ishirini na nane na ushei. Nilikaa nikiitazama tu. Miaka mitatu sikuwa nimetengeneza kitu. Nikafunga skrubu nne, nikachukua kalamu, nikajaza siku ya kutoka kwenye kikaratasi. Mkono ulijiandikia wenyewe.

Mke wangu alikuwa amejilaza chumbani. Akaita, "Baba, umefikia wapi?"

"Bado kidogo," nikasema.

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Maneno yalitoka, na baada ya kutoka sikuyarudisha. Nikaichomoa chaja, nikaiweka juu ya kabati, nikaenda kuchemsha chai. Tulikunywa chai. Alinitania kwamba chaja hii nimeioa mke wa pili. Nilicheka naye.

Naandika ukweli hapa kwa kuwa sina pengine pa kuuandika. Nilitaka siku moja zaidi. Kesho nitamwambia.

Jumatano, 26 Machi

Mvua kubwa. Hata angekuwa na kiti asingetoka. Kesho.

Ijumaa, 28 Machi

Karata. Amenifunga mara tatu, nimemfunga mara mbili. Sijamwambia.

Jumapili, 30 Machi

Betri za kiti zimekaa tupu mwezi mzima. Najua vizuri kuliko mtu yeyote mtaani kwamba betri ya aina hii ikikaa tupu hufa polepole. Utaichaji, taa itasema imeshiba, lakini nguvu haitakuwepo. Nimewakaripia wateja wangapi kwa kosa hili. Nimeliangalia kabati, nikaangalia pembeni.

Pacha hakuongea sana leo kwenye simu. Aliuliza tu nguo ya mteja fulani ilikuwa mikono mirefu au mifupi. Mke wangu akamwambia mirefu. Alipokata simu alikaa na simu mapajani.

"Yule hajawahi kusahau nguo ya mtu," alisema.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo ameniuliza, kwa upole, kama isingekuwa vizuri tuazime chaja mahali, hospitalini labda, siku mbili tu, akamwone Pacha.

Nikakasirika. Ndiyo, mimi. Nilisema kazi ya ufundi haisukumwi, nilisema kama haniamini aseme, nikasema na mengine. Mwongo akibanwa hupandisha sauti; nimeliona kwa wateja na leo nimeliona kwangu.

Akasema, "Nisamehe, baba watoto. Najua unajitahidi."

Ameniomba radhi yeye. Nimetoka nje nikasimama kwenye mvua, nikajifanya natazama mfereji.

Jumatatu, 7 Aprili

Asubuhi ya leo lazima niiandike yote.

Mke wangu alikuwa anaoga. Huchukua muda, anaoga akiwa amekaa, na hataki kusaidiwa ila mwisho. Mlango ukagongwa. Alikuwa mwana wa Pacha, mwoka mikate, bado ana unga kwenye nyusi. Hakuketi.

"Shikamoo baba mkubwa. Mama hali si nzuri. Juzi hajala, jana hajala. Anamuulizia mama mkubwa tu."

"Marahaba. Kwani si kikohozi?"

"Hakikuwa kikohozi tangu mwanzo. Alitukataza kusema. Anasema mama mkubwa akijua atataka kuja, na kiti ni kibovu, atalia ndani bure." Alijifuta uso. "Nimekuja kuuliza, baba mkubwa. Naweza kuja na mwenzangu jioni tukambeba. Tutaweka turubai juu, hatalowa."

Nilisikia maji yakimwagika bafuni. Nilifikiri haraka mambo mengi, na aibu yangu ni kwamba la kwanza nililofikiri lilikuwa la chaja. Wakija kumbeba leo, nami kesho nikisema chaja imepona, atajiuliza. Akijiuliza atatafuta, na huyo akitafuta hupata.

"Msisumbuke," nilisema. "Kumbeba mtu kwenye utelezi huu mtamwangusha. Chaja inakamilika. Kesho kutwa atakuja mwenyewe."

"Kweli, baba mkubwa?"

"Fundi anakwambia."

Akanishukuru. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaondoka.

Mke wangu aliuliza kutoka bafuni ni nani aliyekuja. Nikamwambia mwana wa Pacha, ameleta salamu.

"Mama yake hajambo?"

"Anaendelea," nikasema.

Neno hilo moja, anaendelea, unaweza kulivalisha mtu yeyote, mzima au mgonjwa. Ndiyo maana nililichagua.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Sijamwambia.

Jumatano, 9 Aprili

Amempigia Pacha mara mbili. Mara ya pili amepokea mkwe wake, amesema mama amelala. Mke wangu ametaka karata zirudishwe kwenye kasha.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeamua. Kesho asubuhi nitaichomeka mbele yake, nitasema nimeimaliza leo hii. Saa nne au tano za kuchaji zinatosha kumfikisha. Nitamfuata nyuma kwa mguu na mwavuli. Nitamwambia njiani kwamba hali si nzuri, ajiandae.

Ijumaa, 11 Aprili

Pacha amefariki saa kumi na mbili asubuhi.

Mwanawe ndiye aliyepiga simu. Tulikuwa tumekaa na chai. Mke wangu alisikiliza, akasema "ndiyo" mara tatu, akaweka simu mezani kwa uangalifu. Hakulia kwanza. Aliniambia, "Pacha hayupo," kisha akaangalia miguu yake, kisha akaniangalia mimi, na ndipo akalia. Nimewahi kumwona akilia kwa mama yake na kwa mtoto tuliyempoteza. Leo alilia huku anapiga mapaja yake kwa ngumi, kwamba hayafai, hayafai.

Niliinuka nikaishusha chaja kabatini nikaichomeka. Mikono haikutetemeka hata kidogo. Kijitaa kikawaka chekundu.

Aliona. "Imepona?" alisema.

"Imepona."

"Leo?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Sikuweza kulisema kwa mdomo.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumemzika. Mke wangu alikwenda kwa kiti chake. Alipita uchochoro ule polepole, akigusa ukuta kwa vidole njia nzima. Watu wengi waliniambia, hongera fundi, angalau umemwahisha mazishini. Mmoja alinipiga bega. Nilitaka ardhi inimeze.

Mwana wa Pacha hakunipiga bega. Alinisalimia kwa heshima, akapita.

Jumatatu, 14 Aprili

Amejua.

Nilikuwa natengeneza bawaba ya dirisha. Yeye alikwenda kuchomoa chaja mwenyewe, maana kijitaa kilikuwa kimegeuka kijani, kiti kimeshiba. Ijumaa ile niliichomeka na kikaratasi chake kikiwa bado kimefungwa na uzi, kinaning'inia nyuma. Nilisahau kabisa kama kipo. Alivaa miwani yake ya kutungia sindano, akasoma kwa sauti, taratibu, kama anavyosoma vipimo vya nguo.

"Mteja: mkali. Imeingia tarehe tatu. Imetoka tarehe ishirini na tano." Akakigeuza. "Ya mwezi gani?"

Ningeweza kusema nilikosea kuandika. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mara nyingi anaweza kuiongeza hatua mbili tatu. Sikuongeza.

"Wa tatu," nikasema.

"Mwezi wa tatu." Alihesabu kwa kidole gumba juu ya vidole vingine. "Siku ile mwanawe alipokuja, nilikuwa bafuni. Alisema nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, na turubai, na kwamba walikuwa tayari kumbeba. Bisibisi ilikuwa bado mkononi mwangu. Nilimwambia na sababu, kwamba nilipenda awepo nyumbani. Niliposema hivyo kwa sauti, sababu yenyewe ilikuwa ndogo, nikaona aibu hata ya kuimaliza.

Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

"Kila siku nilimwambia Pacha, mume wangu anatengeneza," alisema. "Na kila siku alinijibu, usimkimbize shemeji, fundi mzuri hakimbizwi. Alikuwa anajua anakufa, na ananiambia nisikukimbize."

Akakifungua kikaratasi uzi wake, akakikunja, akakitia kifukoni mwa gauni. Kisha akaondoka kwenda kwa Pacha.

Jumanne, 15 Aprili

Hasemi. Anaitikia salamu.

Alhamisi, 17 Aprili

Pacha ameacha nguo kumi na moja zimekatwa hazijashonwa, kila moja imeviringishwa na kufungwa kwa kipande chake. Mke wangu anakwenda kuzimaliza. Mkwe wa Pacha anakanyaga cherehani, yeye anashona kwa mkono. Ameniambia hayo kwa sababu nilimuuliza. Nisingeuliza asingesema.

Jumatatu, 21 Aprili

Mvua. Amekwenda hivyo hivyo, na mwavuli umefungwa kwenye kiti. Nimekula peke yangu. Redio sijaiwasha.

Jumapili, 27 Aprili

Binti alipiga simu. Nilimwachia mke wangu aongee, nikakaa kwenye kochi nikisubiri hukumu. Mtoto yule ananiheshimu, na nilijua ikifika sentensi ya pili heshima hiyo imekwisha.

"Baba yako mzima," mke wangu alimwambia. "Chaja? Aliitengeneza. Inafanya kazi vizuri."

Akanipa simu nimsalimie. Binti akasema, "Baba, wewe ni fundi kweli kweli." Nikasema mtandao unasumbua.

Baadaye nilimuuliza mke wangu kwa nini amenifichia.

"Sijakufichia wewe," alisema. "Nimemwachia yule baba yake."

Jumamosi, 3 Mei

Betri zimeanza kuonyesha. Kiti kinashiba upesi na kinachoka upesi. Ni zile wiki za kukaa tupu. Nilijua na ikawa. Nimemwambia asikae mpaka jioni, arudi mapema. Akasema zimebaki nguo nne.

Jumatano, 7 Mei

Leo hakukunyesha hata tone.

Jumatatu, 12 Mei

Nimemwambia binti kuhusu betri mpya. Nimemwambia mwenyewe kwamba niliziua kwa uzembe. Zitakuja mwisho wa mwezi. Nguo zimebaki mbili.

Jumapili, 18 Mei

Mvua imekwisha. Njia zimekauka na watoto wamerudi barabarani na mpira wao.

Jioni mwana wa Pacha alinipigia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Baba mkubwa, kiti cha mama mkubwa kimezima hapa mlangoni."

Nilikwenda. Mke wangu alikuwa amekaa barazani kwa Pacha, mfuko wa uzi na sindano mapajani. Nguo ya kumi na moja ilikuwa imekwisha, imetundikwa mlangoni, ya mikono mirefu. Mwana wa Pacha akasema atatafuta wa kusaidia kubeba. Nikasema sitaki, ngoja kwanza.

Chini ya kiti, karibu na gurudumu la nyuma, kuna wenzo mwekundu. Ukiuinua, mota inaachia na magurudumu yanazunguka yenyewe. Naujua tangu siku kiti kilipofika. Huuinua kila ninapofagia, nikakisogeza kiti hadi ukutani na kukirudisha. Lakini tangu chaja ilipokufa sikufikiri hata mara moja kwamba kwa wenzo huo ningeweza kumsukuma mpaka kwa Pacha. Wala yeye hakuufikiria. Nyumba ya fundi, kitu kikiharibika, wote mnakaa mkimsubiri fundi.

Nikauinua. Nikamsukuma.

Kwenye uchochoro nilichubua vidole pande zote mbili. Penye bomba la maji nilipumzika mara ya kwanza. Kile kilima kidogo cha kuelekea kwetu nilikipanda nikiwa nimeinamisha kichwa mpaka karibu na bega lake, nikahema kama punda, na watu wakatupisha. Nilipumzika mara ya pili kwenye ukuta wa jirani. Mgongo uliniuma, lakini si sana. Ninasema si sana, na ndilo linaloniumiza.

Tulipoingia ndani alitazama saa ya ukutani. Kisha akatazama saa yake ya mkononi, na tena ya ukutani, kama anayehakikisha kipimo kabla ya kukata.

"Tulitoka kwa Pacha saa kumi na moja na dakika kumi," alisema.

Nikasema ndiyo.

"Sasa ni kumi na moja na dakika arobaini."

Nilibaki nimeshika mishikio ya kiti nyuma yake. Sikuuona uso wake, na sikuzunguka ili niuone.

"Siku thelathini na tisa alinisubiri," alisema. "Kumbe ilikuwa nusu saa."

Nimemvua viatu, nimemletea maji, amekunywa, amenirudishia glasi. Nimekaa hapa mezani na kalamu, naye yuko chumbani, na mlango ameuacha wazi kidogo kama siku zote. Nasikia anavyopumua. Hajalala.